Tallinn: Tulifuata Kompyuta, Tukakuta Nyuki

Ukimwambia mtu wa Bongo unaenda Ulaya, mawazo yake yanakimbilia London au Paris. Ukimwambia unaenda Estonia anakuuliza, "Ndo wapi huko?" Usijali msomaji wangu, wengi ndivyo walivyo. Ni kanchi kadogo kaskazini mwa Ulaya, kana watu kama milioni 1.3 tu, kamepakana na Urusi na Latvia. Ukipanda meli pale Tallinn, mji mkuu, baada ya saa mbili hivi uko Helsinki.

Lakini kwa sisi walimu, Estonia ni jina kubwa. Katika mtihani wa kimataifa wa PISA wa mwaka 2018, vijana wake wa miaka 15 walishika namba moja Ulaya kwa kusoma, hisabati na sayansi. Tangu hapo walimu wa kila bara wanapishana uwanja wa ndege wa Tallinn, kila mmoja na daftari lake, wanataka kujua siri ni nini.

Mimi na mwenzangu tulikuwa miongoni mwao. Wazazi wa shule yetu ya Dar walituchangia nauli, na agizo lao lilikuwa moja: mkaone wenzetu wanavyowafundisha watoto kompyuta, mje mtuambie tununue nini.

Mji wa mawe na giza

Tulifika Novemba. Baridi ya kufa mtu! Saa kumi jioni giza limeshaingia, tena totoro. Mji mkongwe wa Tallinn, ambao UNESCO iliuweka kwenye urithi wa dunia mwaka 1997, una kuta nene, minara na vichochoro vya mawe. Dada yangu, viatu vya kisigino acha nyumbani.

Kilichonivutia zaidi ni watoto wanaotoka shule. Kila mmoja ana kitu kinachong'aa kinaning'inia kwenye koti au begi. Sio urembo. Sheria inamtaka mtembea kwa miguu awe na kiakisi mwanga gizani, ili dereva amwone. Watoto wadogo wanarudi nyumbani wenyewe, giza na yote. Nikaanza kuelewa nchi hii inavyowaamini watoto wake.

Chui aliyeruka

Estonia ilipata tena uhuru wake mwaka 1991, Umoja wa Kisovieti ulipokuwa unavunjika. Hela ilikuwa ya mawazo. Hata hivyo, Februari 1996 Rais Lennart Meri alitangaza mpango wa Tiigrihüpe, yaani Mruko wa Chui Milia: kompyuta na intaneti ziingie shuleni. Kufikia mwaka 2001 shule zilikuwa zimeunganishwa.

Hapo ndipo wageni wengi huishia kuandika kwenye daftari. Lakini kuna upande wa pili. Miaka ile ile ya mwanzo, maelfu ya walimu walipelekwa mafunzoni. Mashine na mwalimu walikwenda pamoja. Mwaka 2012 ulipokuja mpango wa ProgeTiger wa programu na roboti, hadi kwa watoto wa chekechea, mafunzo ya walimu yalikuwemo tena. Na Septemba 2025 walipoanza TI-Hüpe, kuingiza akili mnemba kwa wanafunzi wa sekondari ya juu, walimu nao wakawekwa kwenye mpango.

Nyuki sakafuni

Basi tukapelekwa chekechea. Wao wanaiita lasteaed, bustani ya watoto. Mwenzangu alikuwa ameshaandaa simu apige picha za kompyuta. Hakuna! Watoto wamekaa chini na soksi zao, katikati kuna mkeka wenye miraba na nyuki wa plastiki mwenye vitufe mgongoni.

Akaninong'oneza, "Mwalimu, nauli yote ile tumekuja kuona midoli?"

Nikamwambia, "Subiri kwanza."

Nyuki yule anaitwa Bee-Bot. Unabonyeza mishale, kisha kitufe cha kumruhusu, naye anatii ulichoagiza. Hatua moja ni sentimita 15. Mtoto mmoja alitaka nyuki afike kwenye ua lililokuwa kushoto, akabonyeza mshale wa kushoto. Nyuki akageuka tu, akasimama pale pale. Akabonyeza tena, akageuka tena.

Mwalimu hakumsogelea. Mtoto akafikiri, akainuka, akasimama kwenye mkeka, akageuka kushoto, akapiga hatua. Uso ukamng'aa! Akarudi kwa nyuki: geuka, halafu mbele. Nyuki akafika.

Mwenzangu akashusha simu. Tulikuwa tumeona somo zima la programu: kupanga hatua, kujaribu, kutafuta kosa, kurekebisha. Na sehemu kubwa ya somo lile haikuhitaji hata umeme.

Kimbembe cha wazazi

Kuwaambia waliotuchangia nauli ndiyo ilikuwa kazi. Kwenye kikao nilichora miraba kwa chaki uwanjani. Baba mmoja akasimama. "Mwalimu, ndo tumekutuma Ulaya uje utufundishe kuruka chaki?"

Nikamwomba awe mtoa amri, mke wake awe roboti. Akasema, "Nenda kwenye kiti." Mke kimya, maana roboti hajui kiti. "Nenda mbele." Mama akaenda, akaenda, mpaka akagonga benchi. Uwanja mzima kicheko. Mke akamgeukia: "Baba Junior, kumbe ndo maana hata nyumbani hatuelewani. Huelezi!"

Sikuwashawishi wote. Wapo wanaotaka tableti, na siku moja tutazihitaji kweli. Ila walikubali mchango wa muhula ule uende kwanza kwenye semina ya walimu. Kwangu huo ni ushindi.

Kwa hiyo mzazi mwenzangu, kabla hujamnunulia mwanao kifaa cha bei mbaya, kaa naye chini. Mwache akuelekeze kutoka sebuleni hadi jikoni, hatua kwa hatua, na wewe tii kama mashine. Ukigonga ukuta usimkemee. Msubiri aone mwenyewe alipokosea.

Ukienda Tallinn: Unahitaji viza ya Schengen, na pesa yao ni euro. Mei hadi Agosti ndiyo miezi ya mwanga na joto la wastani. Usikose mkate mweusi, na ukapige misele soko la Balti Jaam.