Mama, Mjomba na Tangi la Maji Meusi

Leo nazungumzia choo. Kama uko mezani, maliza kula kwanza halafu urudi, mimi nipo.

Mei 2024 nilikuwa Arizona, Marekani, na mama mzazi pamoja na mjomba wangu. Mjomba anaishi Phoenix miaka mingi, anaendesha malori. Mama alikuja kumwona mdogo wake baada ya miaka 19 ya kusikia sauti yake kwenye simu tu. Mpango ulikuwa tupande kaskazini hadi Flagstaff, tuendelee mpaka Page kwenye Ziwa Powell, halafu Monument Valley. Tatizo moja: mama ana kisukari. Wenye nao wanajua, na wanaoishi na wenye nao wanajua pia. Saa mbili barabarani bila choo ni mateso, na jangwani huwezi kusema dereva simamisha niingie kichakani, kichaka chenyewe hakifiki magotini. Ndipo mjomba akakodi gari-nyumba, lile ambalo nyuma ya kiti cha dereva kuna vitanda, jiko, friji, bafu na choo.

Kijana wa pale tulipokodi alitupa somo la dakika chache, kisha akanyoosha mkono na pakiti ya glovu. Mjomba akaniangalia. "Mjomba, hiyo idara yako." (Kwetu mjomba na mpwa huitana mjomba wote wawili, usichanganyikiwe.)

Basi idara yangu ilikuwa na matangi matatu chini ya sakafu. La kwanza ni la maji safi, galoni 40, kama lita 150. La pili wanaliita la maji ya kijivu, yaani yale ya sinki na bafu. La tatu ni la maji meusi, na sidhani kama unahitaji tafsiri. Haya mawili ya uchafu yalikuwa galoni 30 kila moja. Ukijaza lile la maji safi umeongeza kilo 150 kwenye gari, ni kama umepakia watu wawili walioshiba.

Ukilala kambini penye bomba mambo ni rahisi. Unaunganisha mpira mweupe, ambao ni wa maji ya kunywa tu na haukutani hata siku moja na ule wa choo, unaupitisha kwenye kifaa kidogo cha shaba kinachopunguza presha isije ikapasua mabomba ya gari, na maji yanakwenda moja kwa moja kwenye koki bila kupita kwenye tangi. Usipokuwa na bomba unawasha pampu ndogo ya betri, inavuta maji kutoka tangini. Pampu hii inanguruma kila mtu anapofungua koki au kukanyaga pedeli ya choo. Usiku wa manane unajua nani kaamka.

Na hiyo pampu ndiyo iliyonishtua. Usiku wa kwanza bila bomba niliisikia mara nne, nikajua ni mama. Usiku wa pili kimya. Asubuhi nikaangalia chupa yake ya maji, iko vilevile kama nilivyoijaza mchana. Midomo imemkauka. Hewa ya kule ni kavu, jasho linakauka kabla hujaliona, na mwenye kisukari akikosa maji mwilini sukari inapanda. Mjomba akaanza kwa amri, "Dada, kunywa maji bwana," kama anayemsukuma ng'ombe mtoni. Mama akanyamaza.

Mjomba alipotoka nje ndipo akaniambia. "Mwanangu, mimi ndiye niliyekuosha wewe. Leo nikuone umevaa mipira mikononi unamwaga vya kwangu, mbele za watu? Na zile taa zinasema tangi limejaa." Kweli, ukutani kuna kijisanduku chenye taa za kuonyesha kila tangi limefika wapi, na ya maji meusi ilikuwa imekwama kwenye theluthi mbili tangu tulipokabidhiwa gari. Hizo taa si za kuziamini. Kipande cha karatasi kikiganda kwenye kihisio ndani ya tangi, taa inaendelea kusema pamejaa hata ukishamwaga. Mama alikuwa amezisoma kila alipopita, akafanya hesabu zake kimya kimya, akaamua kuacha kunywa.

Kuhusu aibu sikuwa na la kumjibu. Mtoto wa kiume na choo cha mama yake, hilo jambo zito kwetu na halifutwi kwa hotuba. Nikamweleza tangi.

Nilikuwa nimesoma kijitabu cha gari chote usiku ule (kazi ya uandishi inakufundisha kusoma hata visivyosomeka). Tangi la maji meusi haliharibiwi na maji, linaharibiwa na ukavu. Watu wakibania maji na kutumia karatasi nyingi, mzigo unajirundika chini ya tundu la choo, unakauka, unakuwa kichuguu. Ndiyo maana ukishamwaga unatakiwa kurudishia galoni moja au mbili za maji safi kabla mtu hajakaa, na ndiyo maana hata ukiwa kambini penye bomba la majitaka hutakiwi kuacha koki ya choo wazi. Ukiiacha, maji yanatiririka yanaondoka, yale mengine yanabaki. Unasubiri tangi lifike zaidi ya nusu, unafungua kwa mkupuo, uzito wa maji unasomba kila kitu.

"Kwa hiyo linataka maji," mama akasema.

Ndiyo. Na katika gari lile mtu mmoja tu alikuwa akilitendea haki. Mjomba kashazoea karatasi za Marekani. Mama hajui kuchamba kwa karatasi na hana mpango wa kujifunza. Alikuja na kopo lake kutoka Temeke, ndani ya begi, limefungwa kwenye kanga. Nilipomwambia kwamba kopo lake ndilo tiba ya tangi na karatasi za mdogo wake ndizo sumu, alicheka mpaka mjomba akarudi kuuliza kuna nini. Hakuambiwa. Chupa ikaisha kabla ya chai.

Likabaki suala la maji safi, maana lita 150 kwa watu watatu si nyingi kama zinavyosikika. Hapo mama akachukua idara. Akaweka beseni bafuni kukinga yale maji baridi yanayotoka kabla ya moto kufika, na ya kusuuzia vyombo akayakinga pia. Yote yakawa ya choo. Angalia hesabu yake: maji yaleyale yamefanya kazi mbili, tangi la kijivu halijai haraka, na jeusi linapata maji linayoyataka. Kijitabu hakikuwa na hilo. Temeke maji yakikatika siku tatu unajifunza bila kijitabu.

Barabara namba 89 kutoka Flagstaff kwenda Page inakatiza nchi ya Wanavajo. Mama, aliyekuwa dirishani, aliona pikapu zikipita na matangi ya plastiki nyuma, moja baada ya nyingine. "Na hawa nao wanachota?" Wanachota. Inakadiriwa kaya tatu kati ya kumi katika eneo lao hazina maji ya bomba ndani. Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliamua kwamba mkataba wa mwaka 1868 hauilazimishi serikali kuchukua hatua za kuwapatia maji. Na Ziwa Powell lenyewe, tulikokuwa tunakwenda kutalii, limepakana na ardhi yao. Mjomba alisema amepita barabara ile mara nyingi na hakuwahi kuziona zile pikapu. Jioni ile mama hakuturuhusu kuoga.

Kumwaga kwenyewe? Ni dakika kumi. Vaa glovu, funga mpira mnene kwenye gari, upande wa pili uingize kwenye tundu la majitaka na uhakikishe umekaza. Fungua jeusi kwanza, likiisha funga, ndipo ufungue la kijivu, maji ya sabuni yaoshe mpira. Pale mpira unapoungana na gari kuna kiwiko cha plastiki angavu, unaona kinachopita. Unasubiri mpaka kionyeshe maji matupu.

Mama aliniomba nimwage akiwa hayupo, nami nikatii. Kila tulipofika kituoni yeye na mjomba walikwenda kununua barafu, na waliporudi hakuuliza kitu. Ila siku ya mwisho, kabla hatujarudisha gari, nilikuta glovu zimeshatolewa kwenye pakiti na kuwekwa juu ya ngazi, na pembeni yake beseni la maji ya sabuni.