Sukari Iliyowaka Moyoni

Mwaka 1986 nilikuwa kijana wa Tanga, fundi wa picha za mionzi katika hospitali moja jijini Los Angeles. Mwaka huohuo Tillisch, Schelbert na wenzao wa UCLA walichapisha jambo lililotikisa madaktari wa moyo: misuli ya moyo iliyoacha kucheza sawasawa, ikionekana bado inakula sukari, mara nyingi huamka ikirudishiwa damu. Utabiri wao ulitimia kwa asilimia 85.

Mgonjwa ninayemkumbuka zaidi ni mzee mmoja fundi bomba. Tulianza kwa amonia yenye nitrojeni ya mionzi, inayoonyesha damu inakofika. Hiyo hupungua nusu kila dakika 10, kwa hiyo ilitoka kwenye saiklotroni ikikimbizwa kwa miguu koridoni. Kisha tukamnywesha gramu 50 za glukosi, kwa sababu moyo wa mtu mwenye njaa huchoma mafuta na kuipuuza sukari. Baadaye ikaja sindano ya sukari iliyotiwa florini ya mionzi. Hiyo ina subira, hupungua nusu kila dakika 110.

Ukuta wa mbele wa moyo wake ulikuwa mweusi kwenye picha ya amonia. Kwenye picha ya sukari ukawaka. Nyama ilikuwa hai, haina damu ya kutosha tu.

Wakati huohuo, pembeni, kalamu ya mashine ya umeme wa moyo ilichora mapigo mapana matatu mfululizo, nje ya zamu. Mzee akacheka, akasema, "Huyo ndiye anayeniamsha usiku."

Siku zile wengi tuliamini mchawi wa mapigo hayo ni hiyo nyama yenye njaa. Hoja ilikuwa na mantiki: umeme ukifika penye kovu na misuli dhaifu huchelewa, huzunguka, hurudi ulikotoka na kuzusha pigo jipya. Mzunguko ukiendelea, moyo hutetemeka badala ya kusukuma, na mtu huanguka.

Jibu lilitoka Buffalo, New York, mwaka 2014. Wagonjwa 204 wenye mioyo iliyochoka walipigwa picha ya sukari na pia picha ya mishipa ya fahamu ya moyo, kwa dawa yenye kaboni ya mionzi. Katika miaka kama minne, 33 walikufa kwa hitilafu ya mapigo au waliokolewa na kifaa cha kushtua moyo. Ukubwa wa kovu haukuwatabiri, wala kiasi cha nyama yenye njaa. Kilichowatabiri ni mishipa ya fahamu iliyokufa. Mishipa hiyo haivumilii ukosefu wa damu kama misuli inavyouvumilia.

Hata hivyo, madaktari bado huamua nani awekewe kifaa hicho kwa kuangalia zaidi nguvu ya moyo kusukuma damu, kipimo tulichokuwa nacho tangu siku za yule mzee. Kwangu mimi, huko ni kuchelewa.