Kina Kisichobadilika

Enyi wazazi na walimu wenzetu, twapenda kueleza jambo tulilofunzwa na mwanafunzi wetu, ingawa sisi ndio tuliokalia mkeka wa mwalimu.

Kila Alkhamisi, baada ya darasa ya Kurani, sisi huwasomesha vijana Utendi wa Mwana Kupona. Bibi huyo aliutunga mwaka 1858, hali ni mgonjwa, kumuusia binti yake. Kila ubeti una vipande vinne, na kila kipande mizani nane. Vipande vitatu vya mwanzo vina kina kimoja. Cha nne huishia kwa "ya", kama iandikwavyo kwa herufi za Kiarabu, nayo haibadiliki tangu ubeti wa kwanza hata wa mwisho.

Miaka mingi tulifundisha hesabu hiyo tu. Tulipiga ubao kwa kila mizani, na aliyesahau kuwa "mtu" ni mizani mbili tulimkemea.

Mwaka jana msichana mmoja alisoma polepole, akitua kila mwisho wa ubeti. Tukamwambia, "Usivute, waharibu mizani!" Akajibu kwa adabu, "Maalim, sikupunguza wala sikuzidisha. Nasoma kama asemavyo mama aliyelala." Ndipo tulipojua kuwa mamake yu kitandani siku nyingi. Tuliona haya.

Usiku ule tukausoma utendi upya. Mama amwita binti aje karibu na wino na karatasi, maana maradhi yamemshika. Mgonjwa hana pumzi ya maneno marefu. Mizani nane zamtosha. Vina vya mwanzo hubadilika kila ubeti, kwani mausio ni mengi: dini, adabu, mume, masikini. Lakini "ya" hurejea pale pale, kama mkono wa mama urejeao begani mwa mwanawe. Kisha wasia wageuka dua. Mizani ni zile zile, ila aliyekuwa akisema na mtoto sasa asema na Mola wake.

Basi wafunzeni watoto kuhesabu mizani, kisha waulizeni ni nani asemaye, na ana hali gani.

Ijumaa ile tulikwenda kumzuru mgonjwa. Binti akamsomea mamake beti za dua, polepole vile vile. Sisi tuliitikia amina, wala hatukuhesabu.