Mgeni Afundishaye

Ndugu Waislamu, kuna vijana watokao Ulaya na Marekani, huja Iringa kwa kujitolea, wakasomesha Kiingereza katika shule za msingi. Wapo waulizao: elimu itokayo kwa asiye wa dini yetu, yafaa kupokewa?

Jawabu liko Madina. Baada ya vita vya Badri, mwaka wa 2 Hijria, mateka waliojua kuandika na hawana mali walijikomboa kwa kufundisha watoto wa Madina, kila mmoja watoto kumi.

Na haja ipo. Tangu 1967 shule za msingi za serikali husomesha kwa Kiswahili, na sekondari kwa Kiingereza. Mtoto aliyelelewa kwa Kihehe huikuta hiyo ni lugha ya tatu, na mitihani yamngoja humo.

Lakini sisi tuliokaa na watoto chuoni twajua: mwalimu akibadilika kila mara, mwanafunzi hurudi alifu. Mgeni njoo mwenyeji apone. Walakini mgeni ana siku ya kuondoka. Vijana wa Kimarekani wa Peace Corps waliondoka Tanzania 1969, wasirudi hata 1979. Mtoto hangoji miaka kumi.

Basi vijana wetu wa pwani waliomaliza sekondari, wangapi wamepanda Iringa kufundisha, au hata kuingia shule ya jirani? Mgeni avuke bahari kwa ajili ya mtoto wetu, nasi tushindwe kuvuka njia? Tumshukuru aendapo, na kiti chake tukikalie wenyewe.

Wabillahi tawfiq.