Ulimi wa Kijana

Husemwa mara nyingi kwamba vijana wana nguvu ya kugeuza jamii. Maneno hayo ni mazuri, lakini nguvu isiyoonyeshwa mahali ilipo ni kama maji yaliyo chini ya mwamba: hayamfai mwenye kiu. Mimi ni mwalimu katika milima hii ya Kisii na Nyamira, na nguvu hiyo nimeiona katika ulimi.

Ukeketaji wa wasichana ni desturi ya kale miongoni mwa Abagusii. Sheria ya Watoto ya mwaka 2001 iliukataza kwa watoto, na sheria ya mwaka 2011 ikaukataza kwa wanawake wote. Hata hivyo, uchunguzi wa taifa wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba katika kila wanawake 100 wa Abagusii, 84 walikuwa wamekeketwa, ilhali katika Kenya nzima walikuwa 21. Likizo ya Desemba ifikapo, wembe hufanya kazi kwa siri, na pengine aushikaye ni mwuguzi badala ya ngariba. Wembe uliooshwa ni wembe vilevile.

Ni nini basi kinachoilinda desturi hii hata sheria ikalemewa? Wazazi wengi huwapenda binti zao. Wanachoogopa ni neno moja, egesagane, jina la dharau kwa msichana asiyekeketwa. Mama huhofu kwamba mwanawe atachekwa na wenzake, kisha akose mume. Na wachekao ni akina nani? Ni vijana, njiani na shuleni. Waoao ni akina nani? Ni vijana pia.

Niliwauliza wavulana wa kidato cha pili ni nani kati yao angemwoa msichana wa namna hiyo. Wakacheka, kila mmoja akimtazama mwenzake. Mmoja akasimama, akasema, "Mimi nitamwoa mwenye akili na tabia njema." Kicheko kikakoma. Akasimama wa pili, kisha wa tatu. Kumbe woga wa wengi ulikuwa ukingoja ushujaa wa mmoja.

Wapo wasemao kwamba mwacha mila ni mtumwa. Methali hiyo ni ya kweli, nasi tunazo mila za kushikwa kwa mikono miwili: kuwaheshimu wazee, na kusaidiana mashambani kwa risaga. Lakini kuacha kumjeruhi mtoto si kuukana ukoo.

Wengi wanaokeketwa hawajatimiza miaka kumi. Hawana sauti ya kukataa, ila wanao kaka na dada walio katika shule za sekondari. Sheria ya mwaka 2011 imefanya hata kumtukana mwanamke asiyekeketwa kuwa kosa la kufungwa jela. Lakini ulimi unaozuiwa na dhamiri ni bora kuliko unaozuiwa na askari. Msomaji mpendwa, neno lile la dharau likikosa wa kulitamka, hofu ya mama itakosa sababu. Na urudipo nyumbani likizoni, ukisikia mashauri yanafanywa juu ya mdogo wako, sema kwa adabu, lakini sema.