Ujiji ya Susi na Halima

Mwambie shoga yako kwamba mwaka huu wewe na mwenzio mnakwenda kupumzika Kigoma, halafu tazama uso wake. Zanzibar anaielewa. Ngorongoro anaielewa. Lakini Kigoma, mwisho wa reli? Mnamkimbia nani?

Mwache ashangae. Mji huu unao ufukwe na samaki kama kwingine, ila unao pia kitu ambacho wapenzi wengi hatukiweki kwenye mipango ya safari: maswali kuhusu tulikotoka. Na kama mko kwenye uchumba, mnajua wenyewe kwamba siku ya posa swali la kwanza la wazee halihusu mshahara. Ni "asili yenu wapi hasa?"

Ukiwa na haraka, panda ndege. Ukiwa na mwenzi unayetaka kumjua vizuri, panda treni ya reli ya kati kutoka Dar es Salaam, kilomita zipatazo 1,250, hadi kwenye stesheni ya Kijerumani iliyosimama juu ya bandari. Reli ilifika hapa mwaka 1914. Kwa njia hiyohiyo ilikuja meli nzima ikiwa vipandevipande ndani ya makasha, kutoka Papenburg, Ujerumani, ikaunganishwa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wakaizamisha wenyewe isitekwe, lakini mafundi wakapaka injini grisi kwanza. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na kuanzia 1927 ikabeba abiria kwa jina la Liemba. Sema wewe, wangapi wanaachana kwa utaratibu wa namna hiyo?

Haya, twende Ujiji. Ni kilomita chache tu kutoka mjini Kigoma, daladala zinakwenda kutwa. Hapa ndipo ulipo mji wenyewe wa zamani: nyumba za Kiswahili zenye baraza, misikiti, miembe, michikichi, na Kiswahili ambacho kingeweza kukudanganya kwamba uko Bagamoyo. Si ajabu. Njia ya misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilianzia pwani ikaishia hapa, mwendo wa miezi kwa mguu. Burton na Speke walifika Ujiji kwa njia hiyo Februari 1858. Mmoja wa wakubwa wa mji huu katika karne ya 19, Mwinyi Kheri, alikuwa Mswahili wa Mrima aliyekuja kufanya biashara, akaoa binti wa chifu wa huku na kubaki. Kumbe mapenzi ya pwani na bara hayakuanza na sisi.

Kila mgeni hupelekwa kwenye Makumbusho ya Dk. Livingstone. Kuna nguzo ya ukumbusho, kuna miembe inayosemekana ni uzao wa ule wa asili, na ndani zipo sanamu mbili kubwa za wazungu wanaovuliana kofia. Ndiyo hao, David Livingstone na Henry Morton Stanley, mwaka 1871. Wengi hupiga picha hapo katikati, wanacheka, wanaondoka. Dakika kumi na tano, kazi imekwisha.

Msiondoke. Mwombeni mwongoza wageni awasimulie pole pole, na muulizeni nani mwingine alikuwepo siku ile. Alikuwepo Abdullah Susi, mtumishi wa Livingstone, aliyetoka mbio kumlaki Stanley njiani kabla ya wazungu hao kuonana. Alikuwepo Halima, mpishi. Stanley anamtaja kwenye kitabu chake cha mwaka 1872: mama wa jikoni aliyedhani bwana wake hathamini mapishi yake, maana alikuwa hali kitu, na sasa akashangaa chakula kinavyoagizwa. Livingstone mwenyewe aliandika kwamba tangu mgeni afike anakula mara nne kwa siku. Miezi michache kabla, Julai 1871, alikuwa ameshuhudia watu wakiuawa kwa bunduki sokoni Nyangwe, Kongo. Akarudi Ujiji mgonjwa, akakuta bidhaa zake zimeuzwa na aliyekabidhiwa. Kwa hiyo ninaposoma habari za mkutano huu, mimi namwona Halima na sufuria zake kuliko zile kofia.

Na ile salamu maarufu ya Stanley? Ukurasa wa siku hiyo kwenye shajara yake umechanwa. Livingstone alipofariki mwaka 1873, katika Zambia ya leo, Susi na mwenzake Chuma pamoja na wenzao waliubeba mwili hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Sanamu yao sikuiona Ujiji.

Kuna kundi kubwa zaidi la watu wasio na sanamu. Wakazi wengi wa Ujiji huitwa Wamanyema. Jina hilo ni la nchi ya magharibi ya ziwa, Kongo, lakini waliolibeba walitoka makabila mengi: wengine walivushwa utumwani, wengine wapagazi, wengine wafanyabiashara au wakimbizi wa vita. Wakakutana hapa, wakaoana, wakawa watu wa jina moja. Baadaye wengi walielekea pwani, na hata Kariakoo upo Msikiti wa Manyema. Inawezekana kabisa mama mkwe wako mtarajiwa ana ndugu Ujiji ambao hajawahi kukutajia.

Habari hizi zinaishi zaidi vinywani kuliko kabatini, na wanaozijua ni wazee. Mkibahatika kukaribishwa barazani, anzeni na shikamoo, kisha ulizieni mitumbwi, mawese, harusi za zamani. Msiingie na swali la utumwa kama waandishi wa habari. Kuna koo ambazo bado linauma, na nani alikuwa bwana na nani mtumwa si jambo la kuulizwa na mgeni wa siku moja. Mzee akitaka, atafika huko mwenyewe. Mkiruhusiwa, rekodini kwa simu, halafu nakala mmwachie mjukuu wake. Na mkiwa na asili ya huku, pigieni bibi simu kabla ya safari. Majina ya mitaa na koo atakayoyataja yatawafungulia milango kuliko kitabu cha wageni.

Jioni shukeni ziwani. Mtashangaa umbali: katika karne ile maji yalikuwa juu zaidi, na yakashuka sana baada ya mto Lukuga kufunguka upande wa Kongo kati ya miaka ya 1870 na 1880. Ziwa lenyewe lina kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal. Kuleni migebuka iliyoungwa kwa mawese, na ugali mtautaka tena.

Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, kwenye giza. Kwa hiyo kabla ya kukata tiketi tazameni kalenda: mwezi ukiwa mpevu mtapata mbalamwezi nzuri ya kutembea mkono kwa mkono, lakini msitegemee kuona ule msururu wa taa juu ya maji. Sisi tulichagua giza.