Asubuhi ya Kaskazi Kando ya Ziwa: Daftari la Ndege na Wadudu Kisiwani Mafia

Ukitaja Mafia watu wengi hukumbuka bahari. Hukumbuka papa potwe, matumbawe, na Hifadhi ya Bahari iliyoanzishwa mwaka 1995. Wengine hukumbuka minazi. Ni wachache wanaokumbuka kwamba ndani ya kisiwa hiki kuna maziwa madogo ya maji baridi, yaani maji yasiyo na chumvi.

Maziwa hayo si makubwa kama Viktoria au Tanganyika. Mengine mtu huzunguka kwa miguu kabla jua halijawa kali. Lakini yana uhai mwingi. Yana samaki, vyura, ndege na wadudu. Katika baadhi yake wamo hata viboko. Inaaminika kuwa viboko hao walitoka kwenye delta ya mto Rufiji, ambayo iko ng'ambo ya bahari, mkabala na kisiwa.

Kisiwa cha Mafia kina urefu wa karibu kilomita 50. Ni wilaya ya mkoa wa Pwani. Barabara kuu hutoka Kilindoni, hupita Kirongwe, na kwenda mpaka Bweni upande wa kaskazini. Njiani utaona minazi, mikorosho, mabonde ya mpunga na vichaka. Msitu wa Chunguruma ni mnene, na mitambaazi imefunga miti pamoja. Ndege wa aina zaidi ya 120 wameandikwa kuwa wameonekana Mafia.

Neno "wameandikwa" ndilo neno la makala hii.

SAA 11 ALFAJIRI

Ilikuwa mwezi wa Januari, wakati wa kaskazi. Tulikuwa watu watatu. Mmoja alikuwa mzee wa kijiji, mvuvi wa zamani. Wa pili alikuwa mjukuu wake, mwanafunzi wa darasa la 6. Wa tatu ni mimi. Vifaa vyetu vilikuwa vichache: daftari moja, penseli mbili, na simu ya mkononi ya kunasa sauti. Tulichukua penseli, si kalamu, kwa sababu wino huyeyuka ukipata maji. Tulivaa nguo za mikono mirefu kwa ajili ya mbu.

Tulipokaribia ziwa, mzee alitusimamisha.

"Tusipite hapa," alisema. "Hii ni njia yake. Usiku hutoka kula majani, na alfajiri hurudi majini."

Alikuwa akisema juu ya kiboko. Majani yalikuwa yamelala, na nyayo zilionekana kwenye tope. Kiboko akikutana na mtu aliyesimama kati yake na maji, huona njia yake imezibwa, na huweza kuua. Kwa hiyo tulizunguka, tukakaa mahali palipoinuka, mbali na njia hiyo.

Giza lilikuwa bado. Vyura walilia majini, na nyenje walilia vichakani. Mtoto aliwasha simu akanasa sauti kwa dakika 5. Kisha aliandika ukurasa wa kwanza: tarehe, mahali, saa, hali ya hewa. Chini yake aliandika: "Nyenje wengi. Vyura wengi. Mbu wengi."

Mara tukasikia sauti nzito, "du-du-du-du", ikishuka kama maji yanayomiminika kutoka kwenye chupa. Huyo ni dudumizi. Watu wengi wa pwani huamini kuwa dudumizi akilia, mvua iko karibu.

"Ni kweli, babu?" mtoto aliuliza.

"Ndivyo tulivyoambiwa na wazee wetu," alijibu babu yake.

Hapa daftari linaweza kusaidia. Andika kila siku unayomsikia dudumizi. Andika pia kila siku mvua inaponyesha. Baada ya mwaka mmoja linganisha tarehe. Utajua kama maneno ya wazee yanathibitika katika kijiji chako.

JUA LINAPOCHOMOZA

Ilipofika saa 12 na robo, nyenje walipungua. Zamu ya usiku ilikwisha, zamu ya mchana ikaanza. Yangeyange walipita kwa makundi, weupe, wakielekea malishoni. Ndege hawa hufuata ng'ombe. Ng'ombe wanapotembea, panzi huruka, nao yangeyange huwala.

Mdiria alitua juu ya tawi kavu. Alitazama maji, akajitupa, akarudi na kisamaki mdomoni. Wanana walisuka viota vyao kwenye matete. Chozi alinyonya maua kwa mdomo wake mwembamba uliopinda. Mafia kuna aina 5 za chozi.

Kwenye tope la ukingoni alitembea kitwitwi, ndege mdogo wa rangi ya udongo, akitikisa mkia kila aliposimama. Huyu hakuzaliwa Mafia. Kitwitwi wa aina hii huzaliana Ulaya na Asia. Baridi ya huko inapoanza, huja kwetu. Hukaa mpaka karibu na masika, kisha hurudi. Mbayuwayu waliokuwa wakiruka juu ya maji nao ni wasafiri. Mbayuwayu mmoja ana uzito wa kama gramu 20 tu. Hata hivyo, husafiri maelfu ya kilomita kutoka Ulaya na Asia.

Wageni hawa hawana nyumba nyingine wakati huo. Ziwa dogo la kijiji ndilo ghala lao. Likikauka au likifukiwa, msafiri hufika akakuta ghala tupu.

MSAFIRI ASIYE NDEGE

Saa 2 jua lilikuwa limepata nguvu. Wadudu wengi hawawezi kuruka mpaka miili yao ipate joto. Sasa vipepeo walitoka, na juu ya maji walionekana kereng'ende. Huyu ni mdudu mwenye mwili mrefu mwembamba na mabawa manne yanayong'aa.

Kereng'ende hutaga mayai majini. Watoto wake huishi majini na hula viluwiluwi vya mbu. Akikua, hukamata wadudu wadogo hewani, wakiwamo mbu. Hawezi kumaliza malaria, kwa hiyo usiache chandarua. Lakini ni msaidizi asiyedai mshahara.

Kuna kereng'ende mmoja wa rangi ya manjano mwenye habari ya ajabu. Upana wa mabawa yake ni kama sentimita 8. Mtaalamu Charles Anderson, aliyekuwa akiishi katika visiwa vya Maldives, aliwaona wakifika huko kwa wingi kila mwezi wa Oktoba. Visiwa hivyo havina mito, na maji baridi ya juu ya ardhi ni haba. Basi walitoka wapi? Kwa miaka mingi aliandika tarehe za kufika kwao. Mwaka 2009 alitoa maelezo yake: kereng'ende hao hutoka Bara Hindi, hupanda upepo wa juu, huvuka bahari, na kufika Afrika Mashariki wakati wa mvua. Safari hiyo ni ya zaidi ya kilomita 3,000.

Tangu zamani, kaskazi ndiyo iliyoleta majahazi kutoka Bara Hindi na Arabuni mpaka pwani yetu. Kumbe hata mdudu anajua kusafiri kwa msimu. Jambo hili lilijulikanaje? Mtu mmoja aliandika tarehe, mwaka baada ya mwaka.

WADUDU WA MNAZI

Tuliporudi tulipita shamba la minazi lililo karibu na ziwa. Hapa tuliandika wadudu wawili, mmoja rafiki na mmoja adui.

Rafiki ni maji moto, siafu mwekundu anayeshona majani kuwa kiota. Akikuuma utaruka. Lakini usimchukie. Kuna mdudu afyonzaye vidaka, yaani nazi changa kabisa. Vidaka hivyo huanguka kabla ya kuwa madafu. Maji moto humfukuza mdudu huyo. Uchunguzi uliofanywa Unguja tangu miaka ya 1950 ulionyesha kuwa mnazi wenye maji moto wengi hulindwa vizuri. Basi mkulima asiyejua huchoma viota vya maji moto, kisha hulalamika kuwa vidaka vinaanguka.

Adui ni chonga. Ni mdudu mkubwa mweusi mwenye pembe. Hutoboa kilele cha mnazi na kula kiini chake kichanga. Chonga huzaliana ndani ya magogo ya minazi yaliyooza. Kwa hiyo usiache mnazi uliokufa ukilala shambani. Upasue, uuchome au uutoe. Na ukiandika idadi ya chonga unaowatoa kila mwezi, utajua kama kazi yako inafaa.

"WANGAPI, BABU?"

Tulikaa kivulini kunywa maji. Mzee alitazama ziwa akatikisa kichwa.

"Zamani ndege walikuwa wengi hapa," alisema. "Na maji yalifika mpaka kwenye ule mti."

"Walikuwa wangapi, babu?" mtoto aliuliza.

"Wengi, mjukuu wangu."

"Mia? Elfu?"

Mzee alicheka kidogo, kisha akanyamaza. "Wengi," alisema tena. "Hatukuandika."

Ndugu msomaji, jambo hili ni zito. Mzee huyu hasemi uongo. Ameona kwa macho yake. Lakini siku moja mkutano wa kijiji utakaa. Mmoja atasema, "Tukate miti ya ukingoni, tupate shamba. Ziwa hili ni nyumba ya mbu tu." Mwingine atasema, "Tukikata, maji yatapungua." Wataulizana: je, maji yamepungua kweli? Ndege na samaki wamepungua kweli? Kila mtu atajibu kwa kumbukumbu yake, na mwenye sauti kubwa atashinda. Kijiji chenye daftari hakitashindana kwa sauti. Kitafungua ukurasa.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari, au shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ya mahali hapo. Lakini sheria huhitaji ushahidi. Ni nani atakayesema ukingo ulikuwa wapi, kama hakuna aliyeandika?

Tujifunze pia kwa mfano wa kunguru. Kunguru wa India waliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 ili wale takataka. Wameenea Dar es Salaam na sehemu nyingine za pwani. Wanakula mayai na makinda ya ndege wengine, na vifaranga vya kuku wetu. Mgeni wa namna hiyo huanza kwa mmoja au wawili. Mwenye daftari humwona mapema na kutoa habari. Asiye na daftari humwona akiwa jeshi.

HATUKO PEKE YETU

Kazi hii haifanywi na wataalamu peke yao. Huko Amerika ya Kaskazini, mwaka 1900, watu 27 walianza kuhesabu ndege siku ya Krismasi. Leo kazi hiyo hufanywa na maelfu ya watu wa kawaida. Kila mwezi wa Januari watu wa nchi nyingi huhesabu ndege wa majini. Hesabu hiyo ilianza mwaka 1967, na kwa Afrika ilianza mwaka 1991. Eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa liliandikwa mwaka 2004 katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu kwa dunia nzima. Kwa hiyo kitwitwi aliyehesabiwa Mafia ni habari hata kwa watu wa mbali.

NAMNA YA KUANZA

1. Chagua mahali pamoja: ziwa, bwawa, kisima au bonde la mpunga. Usibadilishe.

2. Nenda mara moja kila mwezi, saa ile ile. Kaa saa moja. Kama kuna viboko au mamba, nenda na mtu anayepajua.

3. Andika tarehe, saa, hali ya hewa na kina cha maji. Weka alama kwenye jiwe au mti ili ujue maji yamepanda au yameshuka.

4. Hesabu. Usiandike "wengi" kama waweza kuandika "23". Kama hukuona kitu, andika "sikuona". Hiyo nayo ni habari.

5. Kama hujui jina la ndege, usilibuni. Andika ukubwa wake: kama kuku, kama njiwa, au mdogo kuliko njiwa. Andika rangi, mdomo, miguu na sauti. Waulize wazee jina la kijijini. Kama una simu, nasa sauti yake.

6. Usirushe mawe, usiguse viota, usichukue mayai.

7. Daftari likijaa, lihifadhi pakavu, mbali na mchwa. Andika mwaka juu ya jalada. Wasomee wenzako darasani, na kwenye mkutano wa kijiji.

Aliyejifunza kusoma na kuandika ukubwani huuliza wakati mwingine, "Elimu hii nitaitumia wapi?" Pa kuitumia ni hapo penye maji, alfajiri, kwa penseli ya bei ndogo. Mtoto wa darasa la 6 ameshaandika ukurasa wake wa kwanza. Akizeeka, naye akiulizwa na mjukuu wake ndege walikuwa wangapi, atakwenda sandukuni alete daftari.